Figa la Nne

Nchi hiyo ilikuwapo, na kama haikuwapo basi ni sisi ambao hatukuwamo. Haina jina, wala usijisumbue kuitafuta. Waliolipanga jina lake waligombana, wakaachana, jina lenyewe likakatwa na kila mmoja akaondoka na kipande chake. Maana huko ndiko watu walikobobea katika kugawa. Wengine duniani wamejaliwa kusuka, wengine kufinyanga, wengine kupiga ngoma hadi mawe yanyanyuke. Hao walijaliwa kugawa. Ndoa ikivunjika huko husikii ngumi wala matusi. Anaitwa Mgawaji. Anakuja na kamba begani na panga kwapani, anakaribishwa uji, anaunywa wote, anajifuta midomo kwa kiganja, kisha anauliza swali moja tu: "Tuanze na kipi?"

Ilipovunjika nyumba ya Senkoro na mkewe Mwantumu, Mgawaji alianza na kitanda. Alikipima kwa kamba akakikata katikati, na kila nusu ikabaki na miguu miwili, imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Akaja kwenye mkeka, akaja kwenye kinu, akaja kwenye mlango. Halafu akaja kwenye siku. Jioni akampa Senkoro, kwa sababu mwanamume ndiye hurudi nayo nyumbani. Alfajiri akampa Mwantumu, kwa sababu mwanamke ndiye huamka nayo. Watu waliojaa uani walipiga makofi kwa uadilifu ule, na mmoja akasema kwa sauti kwamba haki ikitendwa hivyo hata mwenye kuumia hujisikia vizuri. Hakuna aliyeuliza mchana amepewa nani. Ulisahauliwa pale uani kama ufagio. Tangu hapo nyumba ya baba ikawa jioni tupu, nyumba ya mama alfajiri tupu, na mchana ukahamia njiani, kati ya nyumba hizo mbili, hauna mwenyewe.

Kisha Mgawaji akamtazama mtoto wao. Alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado ni habari za kusikia. Jina lake Mhando Kaniki: Mhando la ukoo wa baba, Kaniki la baba wa mama yake, na tangu azaliwe aliitwa yote mawili kwa pumzi moja, kama mtu anavyoita mvua na upepo vikija pamoja.

"Mtoto hakatwi," akasema Mgawaji, na watu wakaisifu huruma yake. Basi akakata jina. Mhando akamsogezea baba. Kaniki akamsogezea mama. Kijana hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha: kwamba kitu kinaweza kukatwa ndani yako na usipate hata pa kupashika.

Yakabaki mafiga. Huko kila mtu huzaliwa na jiwe lake, nalo hukua kadiri mwenyewe anavyokua. Jiko la nyumba ni mawe matatu: la baba, la mama na la mtoto, na chungu hukaa juu yao kikaiva. Ikiwa jiwe lako limo motoni, wewe ni wa nyumba hiyo. Watu wanakuona, sahani yako inawekwa kabla hujaiomba. Jiwe likitolewa, nyumba inakusahau. Si kwa chuki, la. Jicho tu linakuruka. Na ilikuwa kanuni huko kwamba mvulana ambaye jiwe lake liko nje ya moto siku sauti yake inapokomaa, basi jiwe hilo limekuwa la njiani, na yeye vilevile, hadi kufa kwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya kijana. Sauti yake ilishaanza kupasuka. Alikuwa akisema neno likaanzia kwa mtoto likaishia kwa mtu mzima.

Mgawaji alimpa Senkoro jiwe lake, akampa Mwantumu lake, na la tatu akamwekea kijana mikononi. "Na wewe hili hapa. Peleka utakako." Akasema hivyo kama mtu anayetoa zawadi. Akaomba uji mwingine, akanywa, akaenda zake.

Peleka utakako. Kijana alilibeba neno hilo siku zote pamoja na jiwe, na hajui lipi lilikuwa zito zaidi.

*

Kwa baba alikuwa Mhando. Jua la huko lilikaa siku zote juu ya paa la jirani, jekundu, linasita kuzama kama mgeni asiyeaga. Baba yake alikuwa amemleta mke mwingine, Siwema, naye alitoka kwenye nyumba iliyogawanywa kama yao, akaja na binti yake mdogo aitwaye Sikitu. Siwema alikuja na jiwe lake. Sikitu alikuja na jiwe lake, dogo, la ukubwa wa kichwa cha paka. Ukiyaongeza kwenye la Senkoro unapata matatu. Jiko likakamilika siku ile ile. Mhando alipofika na jiwe lake begani, alikuta moto unawaka na chungu kinachemka.

"Liweke hapo nyuma ya mlango," baba yake alimwambia. "Halijatupwa, si unaona? Lipo."

Likakaa nyuma ya mlango. Siku nyingine lilizibia tundu la panya. Siku nyingine Siwema alilinolea kisu.

"Kaka Mhando," Sikitu alimwambia akiwa amechuchumaa karibu nalo, "jiwe lako linafuga mende."

"Liache lifuge. Lina kazi gani nyingine?"

"Langu linapika. Njoo uone, linatoka jasho."

"Sikitu!" mama yake akamkemea. "Ulimi huo siku moja utauma wenyewe."

Siwema hakuwa mwanamke mbaya, na watu wanaosimulia habari za mama wa kambo wangependa awe mbaya ili wapumzike. Alipakua chakula akaweka sahani tatu. Siwema akala tonge la kwanza, la pili, kisha akashtuka.

"Aa! Mhando naye yupo? Jamani mwanangu, usinione vibaya. Jicho linakuruka tu."

"Haidhuru, mama."

"Ungesema!"

Lakini utasemaje kwamba upo? Kila mtu akikaa mahali pake hasemi "nipo". Anayesema ameshakuwa mgeni. Mhando alilitafakari hilo akila makoko aliyokwanguliwa, na kadiri alivyolitafakari ndivyo alivyoona kwamba watu hawana uwezo mkubwa kuliko huu wa kuona na kutoona. Mwenye panga anaweza kukukata, lakini anayekata amekuona. Baba yake hakuwa na panga. Alikuwa na macho, na macho hayo yalimpitia mwanawe yakaenda kutua ukutani, yakapumzika hapo kwa amani.

*

Kwa mama alikuwa Kaniki. Huko jogoo aliwika bila kumaliza, na anga ilikuwa rangi ya majivu yaliyolala. Mwantumu alikuwa amerudi kwa wazazi wake, na jiko la wazazi lilikuwa na matatu yake tangu zamani: la babu, la bibi, na la mjomba ambaye hakuoa. Jiwe la Mwantumu liliegemezwa ukutani nje, nalo lilikuwa limeota ukungu wa kijani upande mmoja.

"Kaniki, umekula?"

"Nimekula."

"Chakula cha mwanamke yule kina chumvi?"

"Hakina."

Alikuwa anasema uongo. Chumvi ya Siwema ilikuwa sawasawa kabisa. Lakini mama yake alitabasamu kidogo, na Kaniki akaona kwamba uongo huo ndio kitoweo pekee alichoweza kumletea.

"Liweke jiwe lako hapa kando ya langu," mama alisema. "Yazoeane."

"Mama, mawili hayasimamishi chungu."

"Nani kakwambia sijui? Nilikuwa napika kabla wewe hujawa wazo."

"Tuokote moja. Mtoni yamejaa."

"Kaniki!" Akatazama nyuma kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe. "Jiwe la kuokota halina mtu. Chakula chake unakula unazidi kuwa na njaa. Unataka majirani wasemeje?"

"Basi tufanyeje?"

"Tungoje."

"Tungoje nini?"

Mwantumu alikuwa amejifunika kanga hadi masikioni kwa baridi ya alfajiri ile isiyokucha, na alikuwa mzuri, na alikuwa amechoka. Kaniki aliyatazama yale mawe mawili yaliyoegemeana, akatambua jambo ambalo hakulitaka. Kwa mama kulikuwa na nafasi yake na hakukuwa na moto. Kwa baba kulikuwa na moto na hakukuwa na nafasi. Na sauti ilikuwa inakomaa kooni mwake kama embe kwenye majani, bila kumuuliza.

*

Njiani hakuwa na jina. Njia ilikuwa ndefu kadiri mtu anavyoifikiria, na juu yake ulitanda ule mchana uliosahauliwa, mweupe, wima. Kivuli chake kilikuwa chini ya nyayo, anakikanyaga. Hakuna mtu katika nchi ile aliyepika mchana kwa ajili yake, na alikuwa amesahau chakula cha mchana kina ladha gani.

Mimi nani sasa? Nyuma yangu kuna Mhando. Mbele yangu kuna Kaniki. Hapa nikijikwaa, nani ameumia? Kidole kinatoka damu, na damu haisemi ni ya nani. Walisema mtoto hakatwi. Kweli. Nimebaki mzima kama kamba: mzima, na kila mtu ameshika ncha. Kitu kikigawanywa sawasawa, kila upande ukapata haki yake, ule uzima wake unakwenda wapi? Maana haukwenda kwa baba. Nimeutafuta. Haukwenda kwa mama. Mgawaji aliondoka nao? Ameuficha wapi, na kwapani kulikuwa na panga tu? Pengine ndicho alichokunywa. Pengine ule uji. Jiwe hili, bega hili. Likianguka nitaliinua? Nitaliinua. Mjinga mimi.

Kando ya njia, juu ya jiwe lake, alikuwa ameketi mtu mzima anachonga mwiko.

"Hujambo, wewe," mtu yule akasema.

"Sijambo, shikamoo. Mwiko wa nani huo?"

"Wa chungu changu."

"Chungu chenyewe kiko wapi?"

"Wewe mtoto una maswali ya watu walioshiba." Akapuliza vumbi la mti kwenye mwiko, akaukagua kwa jicho moja. Nyuma yake ilikuwapo miiko mingine, rundo zima, hakuna hata mmoja uliowahi kugusa mboga. "Sema tena kidogo nikusikie."

"Niseme nini?"

"Basi, imetosha. Imeshapasuka hiyo. Bado kidogo tu."

Kijana akalihamishia jiwe bega la pili. "Wewe uliitwa nani?"

Mtu yule alifikiri sana. Kisu kikasimama. "Niliitwa vizuri," akasema mwisho.

Kijana hakumuaga. Aligeuka, akaacha njia ya kwenda kwa mama yake, akarudi mbio alikotoka, jiwe likimgonga shavuni kila hatua.

*

Ikawa jioni, maana alifika kwa baba. Walikuwa wamekaa kuzunguka moto, na Senkoro alikuwa na hasira. Jiwe la Sikitu lilikuwa dogo kuliko mengine mawili, kwa hiyo chungu kiliinamia upande wake siku zote, mchuzi ukikimbilia huko na upande wa pili ukiungua.

"Kila siku mimi ni wa kula majivu?" Senkoro alisema. "Hiki ni chungu au ni mlevi?"

"Mtoto atakua, baba Mhando," Siwema alisema taratibu. "Akikua na jiwe litakua."

"Nami nikifa je?"

Macho yake yakazunguka, yakapita ukutani, yakarudi. Kwa mara ya kwanza tangu lilipowekwa nyuma ya mlango, yalitua kwenye jiwe lililokuwa begani kwa mwanawe. Jiwe zuri, pana, limekua.

"Mhando," akasema. "Lete hilo."

Jamani. Moyo wa kijana uliruka kama samaki. Alipiga hatua mbele, na huko kanuni ni kwamba mwenye kuingiza jiwe lake ndiye anayelitoa la mwenzake kwa mkono wake. Siwema aliepua chungu. Hakumtazama binti yake. "Ni kwa leo tu, Sikitu," alisema akielekea kwenye mvuke. "Mboga ikae sawa."

Mhando alijua, na Siwema alijua, kwamba katika nyumba yenye jioni peke yake leo haiishi.

"Kaka," Sikitu alisema, "langu halijachoka."

Mhando alichutama mbele ya moto. Uso wa Sikitu ulikuwa kando yake, una madoa ya masizi, na machoni mwake aliona kitu anachokijua, akakijua hata harufu yake. Kama mtu angemwambia wakati ule kwamba anajitazama mwenyewe uani siku ile ya makofi, asingebisha. Na nani aliyemfundisha mkono wake? Hakuwahi kugawa kitu maishani mwake, hata muwa. Lakini mkono ulijua. Ulishika kitambaa, ukalizungusha jiwe dogo mara moja kulilegeza kwenye majivu, ukalivuta, na lilitoka kwa urahisi mno, kama jino la utotoni. Akaliweka kando. Akaingiza lake. Siwema akateleka chungu, na chungu kikakaa wima, kikanyamaza.

"Ehee!" Senkoro akapiga paja. "Hiki sasa ni chungu."

Mboga ikaiva sawasawa. Siwema akapakua sahani tatu: ya mumewe, ya Mhando, yake. Akaketi. Akala tonge la kwanza.

"Mama," Sikitu alisema. "Mimi?"

Siwema aliinua kichwa. Macho yake yalimtafuta mtu aliyesema, kama unavyomtafuta mbu aliyelia sikioni, yakampitia binti aliyemzaa, yakaenda kutua ukutani. "Kuna mtu kasema?" akauliza, akainamia sahani.

Mhando aliona. Ndiye peke yake aliyeona, maana yeye alikuwa anajua pa kutazama. Neno lilikuwa fupi: Sikitu hana sahani. Alifungua kinywa alitamke. Mbele yake mboga ilikuwa inatoa mvuke, ina mafuta yanayong'aa juu, na hakuwa amekula chakula kilichopakuliwa kwa ajili yake tangu jina lake lilipokuwa zima. Kinywa kikiwa wazi hivyo, akatia tonge.

Ndipo sauti iliposikika kutoka njiani.

"Kaniki! Kaniki wee!"

Alikuwa Mwantumu. Alikuwa ameona pale ukutani pake pamekuwa patupu muda mrefu mno, akatoka katika alfajiri yake, akauvuka ule mchana mzima na jiwe lake kichwani, akafika ukingoni mwa jioni isiyo yake, akasimama nje ya ua, kwa kuwa kanuni haikumruhusu kuingia.

"Kaniki!"

Kijana alitafuna. Alijiuliza ni mtoto wa nani huyo asiye na adabu, anaitwa na mama yake kwa uchungu namna ile na haitiki. Tonge likasimama kooni. Kuna sehemu ya mwili ambayo panga halikuifikia, hata mimi sijui ni ipi, na hiyo ndiyo iliyomnyanyua. Akameza kwa nguvu, akaita, "Naam, mama!"

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, moja, haina ufa. Hata yeye alishtuka. Ilikuwa sauti ya Senkoro.

"Senkoro," Mwantumu akasema, "sikukuita wewe. Tulishagawana mimi na wewe. Namwita mwanangu."

"Ni mimi, mama! Ni mimi!"

"Usinifanyie mzaha, bwana. Mwanangu hana sauti hiyo. Sauti hiyo naijua mimi, ndiyo iliyoniambia nisogee kando Mgawaji apime." Akavuta pumzi, akaita kwa mara nyingine, na sasa ilikuwa kama anaita kisimani. "Kaniki wangu!"

"Bee!"

Sikitu alikuwa ameshasimama. Alikumbatia jiwe lake dogo kifuani kwa kitambaa, lingali na joto la moto lilimotolewa, akapita katikati ya watu waliokuwa wanakula bila yeyote kati yao kurudisha mguu. Mhando alinyoosha mkono. Mkono ulikuwa na mchuzi. Aliurudisha.

Mwantumu alimtazama mtoto aliyemtokea kutoka uani. Wa kiume huitika naam. Hilo analijua kila mama. Na mtoto huyu alimfika kiunoni tu, na nywele zimesukwa. Alimtazama muda mrefu, yeye ambaye aliogopa majirani wangesemaje juu ya jiwe la kuokota.

"Una jiwe?" aliuliza.

"Ninalo. Dogo."

"Haya. Nishike nguo, usipotee."

Kando ya moto, Senkoro alikuwa ameacha kula. Alikuwa anamtazama kijana wake kutoka kichwani hadi miguuni, anamwona hasa, na uso wake umefunguka kwa furaha.

"Umesikia, mke wangu? Umeisikia hiyo sauti? Imekomaa, na jiwe limo motoni! Tuna mwanamume nyumbani."

Siwema akaweka sahani chini, akaziba nusu ya mdomo kwa kiganja, akapiga kigelegele kirefu, chenye nguvu, cha mwanamke asiyejua amepungukiwa na nini, nacho kikazifunika nyayo za watu wawili waliokuwa wanaondoka njiani, mmoja wa hatua ndefu na mmoja anayekimbia kidogo ili asiachwe.